Taa za Sanduku Mwezi wa Saba

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na mlango wa chuma wa mbele ukishashushwa nusu kuzuia joto la barabarani, Man-man aliburuta kigoda chake hadi mbele ya runinga, akaketi, akasema neno lile lile.

“Mama.”

Alikuwa na miaka mitatu. Dada yake, Jui-en, mwenye miaka kumi na miwili, alichukua rimoti na kuutafuta mwaka wa mwisho wa video za Mama. Video hazikuwa ndani ya runinga. Zilitoka kwenye sanduku jeusi, dogo kuliko sufuria ya umeme ya kupikia wali, lililokaa juu ya kabati la sebuleni karibu na madhabahu ya mababu. Ndani ya sanduku mlikuwa na diski, na ndani ya diski mlikuwa na kila kitu cha familia ya Lai: filamu za Baba, nyimbo za zamani za Ama, yaani bibi yao, na kila video iliyopigwa nyumbani tangu harusi ya wazazi. Zilipangwa mwaka kwa mwaka. Runinga au simu yoyote iliyokuwa ndani ya nyumba iliweza kuzitazama.

Mama alifariki Man-man akiwa bado hajaota meno. Mtoto hakumkumbuka hata kidogo. Mama aliyemjua ni yule wa mwaka wa mwisho: mwembamba, kofia ya sufu kichwani, akimlisha uji huku akiigombeza feni kwa kuupoza kabla mtoto hajafungua mdomo. Man-man aliicheka feni kila jioni kama anaiona mara ya kwanza. Simu ya Mama ilikuwa imeharibika zamani. Vyote vilivyokuwamo Baba alivihamishia kwenye sanduku, na havikuwepo mahali pengine popote.

Juu ya sanduku Baba aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama wafanyavyo wenye mashine wengi hapa mjini Chiayi. Pakiti ya kijani huifanya mashine iwe mtoto mtiifu. Ya njano haifai, na iliyopitwa na tarehe ni mbaya kuliko kutoweka kabisa. Baba alicheka alipoiweka, lakini aliiweka.

Wiki ile Jui-en alikuwa anafunga mizigo. Kikundi cha muziki cha shule yao kilikuwa kinakwenda kambini Taitung, upande wa pili wa milima, na yeye alipiga fidla ya nyuzi mbili.

“Baba, nikiwa kule nitamtazamaje Mama?” aliuliza wakati wa chakula.

“Hutamtazama. Ni wiki moja tu.”

“Wenzangu wanatazama vitu vya kwao popote walipo.”

“Sanduku letu linatazamwa humu ndani. Njia ya nje nimeifunga kwa makusudi, maana mtu yeyote anaweza kuja kubisha hodi.” Baba alikuwa na kibanda cha wali wa bata mzinga karibu na soko la mashariki, na siku hizo oda za sadaka zilimchosha mpaka akawa anasinzia na vijiti mkononi. “Ukirudi nitakutengenezea njia salama, yenye ufunguo wake. Nipe muda.”

“Na mwezi huu watu hawafungui fungui milango,” Ama aliongeza bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake.

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, ambao inaaminika wafu hurudi kutembea kati ya walio hai. Watoto walikatazwa kuogelea mtoni, hakuna aliyehamia nyumba mpya, na mbele ya kila duka palikuwa na meza ya matunda na uvumba kwa ajili ya wale ambao Ama hakupenda kuwataja. Aliwaita ndugu wema, tena kwa sauti ya chini.

Kesho yake, mazoezini, Jui-en alimweleza Po-yan, aliyepiga filimbi.

“Yaani kwenu mna ghala la filamu, halafu unakwenda Taitung na njaa?” Po-yan alisema. “Wewe ni tajiri anayelala na viatu vilivyotoboka.”

“Baba amekataa.”

“Baba yako amekataa kwa sababu hana nafasi. Mfanyie yeye kazi, umpunguzie. Mjomba wangu alifanya kwao. Unaingia kwenye ruta, kile kifaa cha intaneti, unafungua njia moja, basi. Nitakuonyesha, hata uji haupoi.”

Baada ya mazoezi alikwenda naye nyumbani, akamwonyesha. Jui-en alijua nywila ya Baba, kwani ndiye aliyekuwa akimwandikia kila runinga ilipoisahau. Ilikuwa ndefu, isiyo na maana yoyote, ya kuchosha vidole. Akaibadilisha. Aliweka jina la Mama na mwaka wake wa kuzaliwa. Kisha akaifungua njia ya nje, akatoka barabarani hadi kwenye kivuli cha duka la chai, akazima intaneti ya nyumbani kwenye simu na kujaribu. Mama akatokea kwenye kiganja chake, na feni yake.

“Sasa nipe na mimi hiyo nywila,” Po-yan alisema. “Nitazame filamu kwenye treni. Mwanafunzi haondoki bila kumlipa mwalimu wake, au?”

“Usimpe mtu.”

“Nimpe nani?”

Treni ya kusini hupita kwenye mahandaki mengi kabla ya kufika upande wa bahari kuu. Jui-en aliketi dirishani, akavaa visikilizio na kumtazama Mama akifunga majani ya mianzi juu ya wali wa sherehe. Kila treni ilipoingia handakini mtandao ulikatika, na Mama akaganda mdomo wazi katikati ya neno. Dirisha likawa jeusi, na uso ule ukaonekana mara mbili, kwenye simu na kwenye kioo, kama mtu anayetaka kusema jambo na kuzuiwa. Mwanga uliporudi Mama alimalizia sentensi yake. Handaki la mwisho lilikuwa refu, na walipotoka kwenye mwanga Mama hakuendelea. Jui-en aliigusa simu mara kadhaa, ndipo video ikaendelea tena, kwa kusitasita.

Nyuma yake watoto wawili wa ngoma walikuwa wanacheka na filamu ya zamani ya mapigano. Jui-en aliitambua sauti ile. Ilikuwa filamu ya Baba. Akamgeukia Po-yan.

“Umewapa?”

“Nimeweka kwenye kundi letu la simu, basi. Ni watu wetu wote. Unanuna nini? Sanduku haliishi kama chungu cha supu.”

Kambi ilikuwa katika shule iliyofungwa kwa likizo. Mwalimu Kuo, mama mfupi mwenye sikio la mbwa mlinzi, alikusanya simu zote asubuhi na kuzirudisha wakati wa chakula cha mchana, kisha tena jioni kabla ya jua kuzama. Jioni ya pili Jui-en alipiga nyumbani. Ama alipokea, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

“Mjukuu wangu, mama yako amekuja.”

“Ama unasema nini?”

“Sanduku. Tangu asubuhi taa zake zinapepesa, na runinga imezimwa. Hakuna anayetazama. Man-man yuko nami jikoni, baba yako yuko kibandani. Zinapepesa tu, zinapepesa tu, na linanguruma kama paka. Nimeligusa, lina joto la mwili wa mtu. Nimemwekea chai na yale mapapai aliyoyapenda. Nimemwambia baba yako asiguse kitu. Mwezi huu mtu hamzimii mgeni taa.”

Nyuma yake ilisikika sauti ya Man-man ikisema, “Mama anatazama nini?”

Jui-en alikata simu na kulifungua sanduku kutoka pale alipokuwa, kwenye ngazi za bweni. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaona kwamba mwaka wa kwanza, ule wa harusi, ulikuwa umegeuka. Majina ya video yalikuwa yamevikwa mkia wa herufi asizozijua. Aligusa moja. Haikufunguka. Akagusa nyingine, nayo haikufunguka. Mwaka uliofuata, nao pia.

Alimtafuta Po-yan, akamkuta anakula tambi.

“Mtandao wa huku ni mbovu, ndiyo maana,” Po-yan alisema. Hakutazama vizuri. “Au pakiti yenu ya kijani imeoza. Mwambie baba yako abadilishe.”

Alisema kwa mzaha, lakini Jui-en aliushika mzaha ule kama mtu anayezama ashikavyo jani. Simu ilipolia, alikuwa ameshapanga la kusema.

“Jui-en,” Baba alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani. “Ama anasema mambo yake, lakini kweli sanduku halitulii. Wewe huligusa kila siku kuliko mimi. Umebadilisha chochote kabla ya kuondoka?”

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwake, mpana, na baba yake amesimama ng’ambo akisubiri. Neno moja tu lingetosha.

“Hapana, Baba. Tazama pakiti. Labda tarehe imepita.”

Baba akacheka kwa uchovu. “Kumbe wewe na Ama ni kitu kimoja. Haya, nitaangalia.”

Aliangalia, na kweli tarehe ilikuwa imepita. Alinunua pakiti mpya dukani, akaiweka kwa mikono miwili, akamtumia binti yake picha yake. Kwenye picha pakiti ilikuwa safi, ya kijani kibichi, na chini yake taa zote za sanduku zilikuwa zinawaka. Chini ya picha Baba aliandika: “Kama ni yeye, mwache atazame. Mimi pia nimekaa naye kidogo.”

Jui-en aliyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara alijisikia vibaya zaidi.

Mchana wa siku iliyofuata, alipopewa simu, mwaka wa kuzaliwa kwake ulikuwa umefungwa. Mwaka alioanza kutembea ulikuwa umefungwa. Kitu kile kilikuwa kinapanda kwa mpangilio, kutoka zamani kuja sasa, bila haraka, kama mtu anayepita nyumba hadi nyumba akizima taa. Juu kabisa palikuwa na ujumbe mpya, umeandikwa kwa Kichina kibaya cha mashine: “Vitu vyenu viko mikononi mwetu. Msizime sanduku. Subirini maelekezo.”

Msizime. Hata Ama alikuwa amesema wasizime.

Alimpelekea Po-yan simu mbele ya macho. Safari hii Po-yan alitazama vizuri, na tambi zikamkaa mdomoni.

“Futa ile nywila kwenye kundi,” Jui-en alisema.

“Nitafuta. Lakini, Jui-en, kufuta hakusaidii, si ameshaingia? Usiseme ni mimi. Mama yangu ataniua. Sema hujui. Watu wazima wenyewe wanadhani ni mizimu.”

Simu zikakusanywa tena. Walikaa kuufanyia mazoezi wimbo wa kufunga kambi, na Jui-en alisikia uta wake ukikwaruza. Akilini alikuwa anahesabu miaka, si noti. Mwaka aliong’oka jino la kwanza. Mwaka alioanza shule, Mama akimfunga nywele mbele ya geti na kuzikaza mno. Baada ya hapo ulibaki mwaka mmoja, kisha mwaka wa uji na feni. Hakukuwa na mwingine. Man-man hakuwa na mwingine.

Alisimama katikati ya wimbo. Fidla ilimwanguka kutoka magotini.

“Lai Jui-en,” Mwalimu Kuo alisema, “chura gani amekuuma?”

“Mwalimu, naomba simu yangu. Nimefanya kosa nyumbani na linaendelea sasa hivi.”

Mwalimu Kuo alimtazama usoni. Alifungua kisanduku cha simu.

Baba hakupokea. Ilikuwa saa ya wateja, na simu yake wakati huo hukaa ndani ya droo. Akapiga ya nyumbani. Ama alipokea.

“Ama, nenda kwenye sanduku, uchomoe waya ukutani.”

“Nimchomoe mama yako?”

“Si Mama.”

“Utajuaje wewe, uliye mbali? Mimi nimekaa hapa. Leo asubuhi nimempa habari zote za Man-man. Taa zilinijibu.”

“Ama, si Mama. Ni mtu tusiyemjua. Ameingia, anafunga video zetu moja moja. Nilimfungulia mimi.”

Kwa mbali sanduku lilisikika likinguruma.

“Jana baba yako alikuuliza,” Ama alisema.

“Jana nilidanganya.”

“Kwa hiyo leo niamini lipi?”

Jui-en alitazama huku na huku. Machozi yalimfika puani. Wenzake walikuwa wameacha kupiga, na ukumbi mzima ulimsikia, Po-yan naye akiwa ameshika filimbi kama fimbo. Hapakuwa na namna ya kulisema jambo lile likawa dogo.

“Nilibadilisha nywila ya Baba,” alisema. “Nikafungua njia ya nje aliyoikataza. Nikampa mtu nywila, naye akawapa wengine. Nilipoona mambo yameharibika, nikamwambia Baba anunue pakiti. Niliyajua yote, Ama. Nilikusikia ukimwekea Mama mapapai, nikanyamaza.”

Po-yan alisogea karibu na simu. “Bibi, huyo mtu ni mimi. Anasema kweli. Chomoa.”

Kilisikika kishindo cha simu kuwekwa mezani. Kisha ndara za Ama zikiburuta. Kisha sauti yake ya chini, si kwa Jui-en: “Mwanangu, kama ni wewe, nisamehe.” Ule mngurumo ukashuka, ukashuka, ukaisha.

Ama aliinua simu tena. “Limenyamaza,” alisema. Alikuwa analia, na hilo ndilo Jui-en alilolibeba hadi mwisho wa kambi.

Alirudi Chiayi na kumkuta mama mdogo, Yu-chen, mdogo wa marehemu Mama, ameshafika kutoka Taichung. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za ofisi. Alikuwa ameitoa diski kwenye sanduku, akanakili kila kilichokuwa bado kizima, akalisafisha sanduku na kulipangia upya nywila ndefu. Baba alikuwa ameketi sakafuni karibu naye, aproni ya kibanda bado kiunoni. Hakuwa amepiga kelele kwenye simu siku zote zile, na sasa pia hakupiga.

“Mwaka wa Man-man umepona wote,” mama mdogo alisema. “Na sehemu ya mwaka uliotangulia. Ama alichomoa wakati kile kitu kinaingia hapo.”

“Na mingine?” Jui-en aliuliza.

“Imefungwa. Na wale waliotuma ujumbe hawajibiwi, hata wakiandika nini. Anayelipa leo hufungiwa tena kesho. Hii diski nitaiweka. Huenda siku moja akapatikana wa kuifungua. Sitaki kukudanganya kwamba ni hivi karibuni.”

Harusi. Kuzaliwa kwake. Nywele kwenye geti la shule. Jui-en alitikisa kichwa taratibu kuonyesha ameelewa.

Jioni ile Po-yan alikuja na mama yake, wameshika boksi la keki za nanasi kwa mikono miwili. Aliinama mbele ya Ama mpaka paji la uso likakaribia meza. Ama alimwacha akae ameinama kwa muda, kisha akamwambia anywe chai.

Mama mdogo hakuondoka kabla ya kumaliza. Alitengeneza nakala mbili, moja ikabaki kwenye kabati la Baba bila kuunganishwa na kitu chochote, nyingine akaipeleka kwake Taichung. Tena akaifungua ile njia ambayo Baba aliahidi: ya siri, inayomwuliza mtu nywila na kisha kumtumia Baba namba ya kuthibitisha, kila mara, bila kujali ni nani.

“Ungesubiri wiki moja tu, ungeipata,” Baba alisema. Hilo tu.

Siku chache baadaye, vyombo vikiwa vimeoshwa, Man-man alitazama uji na feni, akacheka. Video ilipoisha aligeuka.

“Ya Dada iko wapi?”

“Haipo,” Jui-en alisema.

“Wewe Mama hakukulisha uji?”

Jui-en alimtazama Baba. Baba alikuwa anakunja nguo, na mikono yake ilisimama.

“Alinilisha,” Jui-en alisema. “Lakini mimi niliutema. Nilimtemea kwenye shati, siku ambayo alikuwa amevaa kwenda harusini. Halafu…” Hakuwa na hakika kama Mama alicheka au alikasirika.

“Kweli?” Man-man aliuliza, akiwa amekunja uso. “Au unasema tu?”

Baba aliweka nguo chini, akaja kuketi kati yao.

“Jui-en, nisikilize,” alisema. “Kosa la kufungua njia lilikuwa la mtoto mwenye hamu ya kumwona mama yake. Hilo nilikusamehe siku ile ile. Lakini ule uongo wa jioni moja ulimpa mgeni siku nzima ndani ya nyumba yetu, na siku hiyo ndiyo iliyochukua miaka yako. Sasa miaka hiyo haimo kwenye diski yoyote inayofunguka. Imo mdomoni mwako, na kidogo mdomoni mwangu na mwa Ama. Huyu atakuuliza mpaka awe mtu mzima, na hatakuwa na pa kuhakikisha. Mtu aliyepewa kutunza kitu kama hicho hasemi uongo, hata mdogo, hata wa kujiokoa, kwa sababu akishasema mmoja, hakuna atakayejua lipi alilikuta na lipi ameliongeza.”

Man-man alivuta kigoda chake karibu.

“Sehemu usiyokumbuka, sema hukumbuki,” Baba alisema. “Haya, mwambie.”

Jui-en alimgeukia Man-man. “Kweli aliniosha mdomo,” alimwambia mdogo wake. “Kweli shati lilikuwa la bluu. Kama alicheka, hilo silikumbuki.” Na akaendelea na yale aliyoyakumbuka, polepole.